Zé Arigó: 'Tabibu' wa kisu cha jikoni aliyehukumiwa mara mbili

Na Mwandishi Wetu

MAHAKAMA za Brazil zilimtia hatiani mara mbili José Pedro de Freitas, mtu aliyefahamika kote nchini humo kwa jina la Zé Arigó, na mara zote mbili kosa lilikuwa la aina moja: kutibu watu ilhali si daktari. Hakushitakiwa kwa kuua. Hakushitakiwa kwa kuiba fedha za wagonjwa. Kwa mujibu wa walioandika habari zake, hata upande wa mashitaka haukupata mgonjwa wa kusimama kizimbani na kusema kwamba mtu huyo alimdhuru.

Arigó hakukanyaga chuo chochote cha udaktari, na masomo yake yalikoma katika madarasa ya chini ya shule ya msingi. Hata hivyo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi alipofariki dunia mwaka 1971, maelfu ya watu walipanga foleni mbele ya nyumba ya kawaida katika mji mdogo wa Congonhas, wakisubiri kupasuliwa na mtu aliyetumia kisu cha jikoni, bila sindano ya ganzi na bila kukichemsha kisu hicho kati ya mgonjwa mmoja na mwingine.

Alipokuwa kazini, sauti yake ilibadilika na kuwa na lafudhi ya Kijerumani. Waliomzunguka waliamini kwamba aliyekuwa akisema wakati huo si Arigó tena, bali daktari wa Kijerumani aliyeitwa Adolf Fritz, ambaye alidaiwa kufariki mwaka 1918, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Arigó alikuwa kiti chake tu, kama wasemavyo watu wa pwani kuhusu mtu anayepandisha. Roho ikishuka, alidai hakumbuki lolote alilolitenda.

Ili kumwelewa mtu huyu, ni vyema kwanza kuufahamu mji alikotoka. Congonhas uko katika jimbo la Minas Gerais, kusini mwa mji mkuu wa jimbo hilo, Belo Horizonte. Ni nchi ya milima na udongo mwekundu wenye chuma, na hadi leo uchimbaji wa madini hayo ndio uti wa mgongo wa uchumi wake. Lakini wageni wengi huufahamu kwa jambo jingine, nalo ni kanisa la hija la Bom Jesus de Matosinhos lililojengwa juu ya kilima.

Historia ya kanisa hilo ni ya ugonjwa na uponyaji tangu jiwe la kwanza. Mreno mmoja mchimba madini, Feliciano Mendes, aliugua sana akaweka nadhiri, na alipopona alianza ujenzi wake mwaka 1757. Mbele ya kanisa wamesimama manabii 12 wa mawe, waliochongwa kati ya mwaka 1800 na 1805 na fundi mashuhuri aliyeitwa Aleijadinho, ambaye naye mikono yake ilikuwa imelemazwa na maradhi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliyaingiza majengo hayo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1985.

Kila Septemba mahujaji humiminika hapo, na ndani ya kanisa kumehifadhiwa picha ndogo za kushukuru zilizochorwa na watu waliopona tangu karne ya 18. Kwa hiyo Congonhas haukufundishwa na Arigó kutazamia miujiza. Ulikuwa umeizoea kwa karibu miaka 200 kabla yake, ila miujiza hiyo ilikuwa ikipitia mlango wa kanisa.

José alizaliwa Oktoba 18, 1921, katika shamba lililo karibu na mji huo. Jina la Arigó alibandikwa angali kijana. Kwa Kireno cha huko ni neno la utani linalomaanisha mtu wa shamba, mshamba mwenye moyo mweupe. Zé ni kifupi cha José. Jina hilo halikumkera, na wala hakujaribu kulivua alipokuja kuwa maarufu.

Akiwa kijana mdogo aliingia kazini katika machimbo ya chuma. Alikuwa na kifua kipana, sauti kubwa na mdomo usioogopa wakubwa, na haikuchukua muda mrefu wachimbaji wenzake wakamchagua kuwaongoza katika chama cha wafanyakazi. Aliongoza mgomo, na kutokana na mgomo huo akafukuzwa kazi. Akiwa tayari ameoa, alifungua baa mjini ili kulisha familia, na siasa za mji zikaendelea kujadiliwa mezani kwake kila jioni. Baadaye alipata kibarua cha ofisini katika taasisi ya serikali ya hifadhi ya jamii, na mshahara huo mdogo ndio alioutegemea katika miaka yote aliyotibu watu.

Masimulizi ya familia na ya waandishi waliomfuatilia yanasema kuwa mateso yalianza kabla ya umaarufu. Alikuwa akipatwa na maumivu makali ya kichwa, na usingizini akimwona mtu mnene mwenye upara, aliyevaa mavazi ya chumba cha upasuaji, akimwambia kwamba amemchagua. Madaktari walimpima wasione kitu. Padri alimwombea na kufanya ibada ya kufukuza pepo, lakini ndoto hazikukoma. Arigó alikuwa Mkatoliki kwa kuzaliwa na aliendelea kujiita hivyo. Hakuwa mtu aliyekwenda kutafuta mizimu.

Kisa kilichoanza kumtangaza kinasemekana kutokea mwaka 1950. Mwanasiasa Lúcio Bittencourt, aliyekuwa katika kampeni za uchaguzi na ambaye aliwahamasisha wachimba madini wa eneo hilo, alilala katika hoteli moja ya Belo Horizonte, na Arigó akiwa miongoni mwa wageni. Inasimuliwa kwamba Bittencourt alikuwa na uvimbe katika pafu, na kwamba usiku alimwona Arigó akiingia chumbani na wembe mkononi, kisha akapoteza fahamu. Asubuhi alikuta damu na mchano. Arigó mwenyewe, alipoulizwa, alikana kujua chochote na akaingiwa na hofu kubwa.

Simulizi hilo limerudiwa katika vitabu na magazeti mengi, na mwandishi wa makala haya analitoa kama lilivyo: simulizi. Lisilo na ubishi ni matokeo yake. Habari zilienea Minas Gerais, watu wakaanza kubisha hodi nyumbani kwa mwenye baa.

Hapo ndipo ilipoingia imani ambayo haina jina la kawaida kwa Kiswahili lakini ina mizizi mirefu Brazil. Mwaka 1857 mwalimu mmoja Mfaransa, Hippolyte Rivail, aliyejiita Allan Kardec, alichapisha kitabu kilichofundisha kwamba roho za marehemu huendelea kuishi, huzaliwa upya, na zaweza kuzungumza kupitia watu wenye kipaji hicho. Katika Ulaya mafundisho hayo yalififia kadiri miaka ilivyopita. Brazil yalistawi, hasa kwa madaktari, wanasheria, maofisa wa jeshi na watumishi wa serikali wa mijini. Katika sensa ya mwaka 2010, Wabrazili wapatao milioni 3.8 walijiandikisha kuwa wafuasi wake.

Wafuasi hao walimpa Arigó kile ambacho padri hakuweza kumpa, yaani maelezo. Walimwambia si mwendawazimu wala hana pepo mchafu, bali ni chombo cha roho inayotaka kumalizia kazi yake duniani. Walimpatia pia jengo la kufanyia kazi. Kanuni yao moja aliifuata hadi mwisho: karama iliyopokewa bure hutolewa bure. Hakutoza ada, na walioandika habari zake, waliomwamini na wenye shaka, hawakuweza kuonyesha kwamba alitajirika.

Siku yake ilianza alfajiri. Watu walikuwa wameshapanga foleni tangu usiku, wengine wakiwa wametoka nchi jirani kwa mabasi. Arigó alitoka, akawasalimia, akasali mbele ya msalaba uliotundikwa ukutani, akaingia chumba cha ndani. Alipotoka tena, uso ulikuwa umekaza na lugha imekuwa ya amri. Idadi ya waliohudumiwa kwa siku moja imetajwa kufikia 300.

Wengi wao hawakuguswa na kisu. Alimtazama mgonjwa kwa sekunde chache, akauchukua mkono wa kalamu na kuandika kwa kasi cheti cha dawa chenye mwandiko usiosomeka. Msaidizi wake mmoja tu ndiye aliyeweza kuusoma, naye aliupiga chapa. Dawa zenyewe zilikuwa za dukani, nyingine za kisasa na nyingine za zamani zilizokwisha kuachwa na madaktari, na mara nyingi kwa vipimo vilivyowashangaza wafamasia.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo palipokuwa na hatari kubwa kuliko penye kisu. Kisu kilipigwa picha, kikaandikwa, kikasimuliwa. Vyeti vilikuwa vingi mno, viliondoka na wagonjwa kwenda miji ya mbali, na hakuna aliyefuatilia nani alipona, nani alibaki kama alivyokuwa, na nani alizidiwa kwa kumeza dawa isiyomfaa au kwa kuahirisha hospitali. Mtu aliyerudi kwao akafa kimya hakuwa na nafasi ya kutoa ushahidi.

Chama cha madaktari cha Minas Gerais hakikuvumilia, na viongozi wa Kanisa Katoliki nao hawakupendezwa kuona mji wa hija ukigeuka kuwa makao ya wazungumzaji na mizimu. Mashitaka yalifunguliwa mwaka 1956.

Sheria haikumwachia njia ya kuponyoka. Kanuni ya Adhabu ya Brazil ya mwaka 1940 ina vifungu vitatu vinavyofuatana: cha 282 kinakataza kufanya udaktari bila idhini, cha 283 kinahusu utapeli wa kutangaza tiba za siri zisizokosea, na cha 284 kinahusu uganga. Hiki cha mwisho kinamkamata yeyote anayezoea kuandika au kutoa dawa, anayetumia ishara, maneno au njia nyingine yoyote kutibu, au anayetaja ugonjwa wa mtu. Hakiulizi kama mgonjwa alipona. Malipo nayo hayahitajiki ili kosa litimie. Yakithibitika, faini huongezwa juu ya kifungo.

Ndiyo kusema kwamba utetezi wote wa Arigó, kwamba alisaidia watu na hakuchukua senti, kisheria ulikuwa sawa na kukiri. Mashahidi walipokuja kwa furaha kueleza walivyopasuliwa na kupona, kila mmoja aliongeza msumari katika jeneza la mtu waliyetaka kumwokoa. Akahukumiwa kifungo.

Hakwenda jela. Mwaka 1958 Rais Juscelino Kubitschek, mjenzi wa Brasília, alimpa msamaha. Inafaa kukumbuka kwamba Kubitschek alikuwa mzaliwa wa Minas Gerais, aliwahi kuwa gavana wa jimbo hilo, na kabla ya siasa alikuwa daktari wa upasuaji. Daktari aliye Ikulu alimfungulia mlango mtu ambaye madaktari wenzake walitaka afungiwe.

Kwa miaka michache Arigó alifanya kazi bila bughudha, na sifa zake zikavuka mipaka. Mwaka 1963 alifika Congonhas daktari na mtafiti wa Marekani, Andrija Puharich. Mgeni huyo alikuwa na uvimbe wa mafuta katika mkono, usio na madhara lakini wa miaka mingi, akaomba apasuliwe yeye mwenyewe huku kamera ya filamu ikichukua picha. Arigó alitumia kisu cha kukunja. Kazi iliisha kwa sekunde chache na Puharich alishuhudia kwamba hakusikia maumivu ya kuelezeka, na kwamba kidonda kilipona bila kutunga usaha ingawa hakukipaka dawa. Mwaka 1968 alirudi na timu ya watafiti kutoka Marekani kwa uchunguzi mrefu zaidi.

Ushahidi wa Puharich ndio uliomfikisha Arigó katika magazeti ya dunia, lakini msomaji anapaswa kujua shahidi huyu alikuwa nani. Alikuwa na shahada ya udaktari, kweli, ila miaka michache baadaye ndiye aliyemnadi Uri Geller, yule Mwisraeli wa kupinda vijiko, na mwaka 1974 alichapisha kitabu kilichodai kwamba Geller huwasiliana na viumbe wa sayari nyingine. Mtu mwepesi kuamini hivyo hafai kuwa hakimu wa peke yake.

Wenye mashaka nao walikuwa na hoja zao. Mwanamazingaombwe James Randi, aliyetumia maisha yake kuwaumbua waliodai nguvu zisizo za kawaida, alieleza kuwa hata lile tendo lililowatisha watu kuliko yote, la kuingiza kisu chini ya kope la mgonjwa, si la hatari kama linavyoonekana. Tunaweza kuongeza kwamba upasuaji mwingi unaoonekana katika filamu ni wa vitu vilivyo karibu na ngozi. Uvimbe wa mafuta unatoka kirahisi, na mtu aliyejaa imani na hofu huweza asisikie maumivu kwa sekunde kumi.

Pamoja na hayo, kisu kichafu kilichopita katika mamia ya miili kilitarajiwa kuacha msururu wa vidonda vilivyooza. Madaktari wa Congonhas na miji ya jirani walikuwa na kila sababu ya kuwatafuta wagonjwa hao na kuwapeleka mahakamani, tena kwa miaka 20. Hawakuwaleta.

Kesi ya pili iliiva mwaka 1964, na safari hii upepo ulikuwa umegeuka. Kubitschek alimaliza muda wake mwaka 1961. Machi 31, 1964 jeshi lilianza mapinduzi yaliyoiangusha serikali, na miezi michache baadaye rais huyo wa zamani mwenyewe alivuliwa haki zake za kisiasa. Hapakuwa na wa kupigiwa simu. Novemba mwaka huo Arigó alihukumiwa kifungo cha miezi 16 na kupelekwa katika jela ya mji jirani wa Conselheiro Lafaiete.

Mwandishi wa Marekani John G. Fuller, ambaye kitabu chake kuhusu Arigó kilitoka mwaka 1974, anasimulia kuwa polisi waliona haya kumchukua, na kwamba ndani ya jela aliwatuliza wafungwa waliokuwa na vurugu, akawatibu, na wagonjwa wa nje wakaanza kupanga foleni langoni. Wakuu wa jela walifumba macho. Kwa maneno mengine, serikali ilimfunga kwa kutibu bila idhini, naye akawa anatibu bila idhini ndani ya jengo la serikali.

Fuller anaeleza pia habari za Filippe Immesi, mmoja wa majaji walioshughulikia faili lake. Jaji huyo, aliyelelewa katika Ukatoliki na hakuwa na mapenzi na mizimu, aliamua kwenda Congonhas kujionea bila kujitambulisha. Arigó alimtambua, akamwita mbele na kumtaka ashike kichwa cha mwanamke mwenye mtoto wa jicho wakati akimfanyia kazi. Jaji alishika. Aliona kwa macho yake kitu asichoweza kukieleza, kisha akarudi ofisini kwake ambako kifungu cha 284 kilikuwa kinamsubiri, hakijabadilika hata nukta.

Pengine hakuna aliyebanwa zaidi katika habari hizi kuliko mtu huyo. Angemwachia Arigó kwa sababu ya alichokiona, kesho yake angelazimika kumwachia kila mwenye kisu na hadithi ya roho. Angemfunga, angemfunga mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa msaidizi wake.

Arigó aliachiwa mwaka 1965 baada ya kukaa ndani takribani miezi saba. Alirudi Congonhas, na foleni ikarudi. Kwa wakati fulani aliepuka kisu na kubaki na vyeti, kisha kisu nacho kikarudi.

Walio karibu naye walisema kuwa kuelekea mwisho wa mwaka 1970 alianza kuaga marafiki, akieleza kwamba hatakufa kitandani. Januari 11, 1971, siku ya mvua, gari lake liligongana na jingine katika barabara kuu karibu na Congonhas. Alikufa akiwa na umri wa miaka 49. Maelfu ya watu walifurika mjini kumzika, wakiwamo wengi ambao hawakuwa wafuasi wa Kardec na waliotoka moja kwa moja kanisani.

Kuhusu Dk. Adolf Fritz, waliotafuta nyaraka za Ujerumani hawakupata uthibitisho wa kuaminika kwamba tabibu wa jina na maisha hayo aliwahi kuwapo. Jambo hilo halikuwazuia watu kumpokea tena. Baada ya Arigó kufa walijitokeza wengine waliodai kupandisha roho hiyo hiyo, akiwamo Edson Queiroz wa Recife, ambaye tofauti na mtangulizi wake alikuwa daktari mwenye shahada na leseni, na ambaye aliuawa mwaka 1991. Katika miaka ya 1990 foleni ilihamia Rio de Janeiro kwa mhandisi Rubens Faria, naye akaishia kuandamwa na vyombo vya sheria. Mwaka 2022 maisha ya Arigó yalionyeshwa katika majumba ya sinema ya Brazil, nafasi yake ikiigizwa na Danton Mello. Kifungu cha 284 bado kimo katika Kanuni ya Adhabu.